Neno la Mugiriki la Kuchelewa

Kisangani, tarehe 9 Januari 1956

Mwanangu Nyota,

Nakusalimu wewe, namsalimu mama yako, namsalimu Bibi. Mimi ni mzima. Mgongo tu ndio unalalamika, na mgongo wa mpakizi hauna wa kumsikiliza.

Barua yako ilinikuta nimekaa juu ya gunia la chumvi mbele ya ghala. Kumbe watu wa Zuberi wamekuja kukuposa! Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Dominique, yule rafiki yangu wa Isangi ninayebeba naye mizigo, akaniuliza: "Assumani, ni siafu?" Nikamjibu: "Hapana, ni mkwe."

Baba yake Zuberi namjua. Ni fundi cherehani, mtu asiyesema jambo mara mbili. Moyo wangu umeridhika. Waambie kwamba nakuja mwenyewe, kabla ya Ramadhani, nikuozeshe kwa mdomo wangu. Nilitoka Kibombo ukiwa unaota meno. Nimekulea kwa barua na kwa vitambaa nilivyokuwa nikimpa mtu wa treni. Siku hiyo moja nataka niwepo na mwili wangu.

Umeuliza habari za bwana wangu Mugiriki. Jina lake ni Stamatis, lakini huku libongo, ndiyo bandari kwa Kilingala, sote tunamwita Bwana Aryises. Ndiyo salamu yake ya asubuhi. Ukiingia baada ya king'ora, anakupigia kelele: "Aryises!" Miaka yote nilidhani ni tusi la mama. Juzi nikamwuliza. Akacheka mpaka akavua miwani. "Hapana tusi," akasema. "Iko neno ya kila siku. Aryises: weye nachelewa. Mimi nachelewa: argho."

Wenzangu wakajaribu, wakasema "argo". Mimi ile gh nikaitoa kooni, kama Mwalimu alivyotuchapa fimbo chuoni mpaka tukaijua herufi ghaini. Mugiriki akaacha kalamu. Akamwita binamu yake dukani aje asikie. Tangu siku hiyo, tukiwa tunangoja boti, ananifundisha neno hilo moja. Anasema mtu akilijua hilo, ameshajua nusu ya maisha ya Mugiriki.

Nakuja, mwanangu. Mwambie mama yako.

Papa yako,
Assumani


Kibombo, tarehe 2 Februari 1956

Papa mpenzi,

Tumeipokea barua yako kwa furaha. Bibi anakusalimu, anauliza kama bado una meno yote.

Papa, Mama hakuningoja nimalize kusoma. Niliposema tu "nakuja kabla ya Ramadhani", akanikata, akaenda kumwita Bibi, na jioni ile ile wakaniweka ndani. Nakuandikia nikiwa kwenye chumba cha nyuma, juu ya mkeka mpya. Dirisha wamelifunga kwa kanga. Asubuhi Bibi ananipaka mafuta na unga mwekundu wa mti, jioni ananipaka tena. Nakula, nalala, napakwa. Bibi anasema ngozi yangu itakuwa kama ya samaki aliyetoka majini sasa hivi. Nilimwambia samaki akitoka majini anakufa. Akanipiga kofi la mgongo, akacheka.

Kuna jambo lingine. Zuberi amekubaliwa na watu wanaoandika wafanyakazi wa migodi ya shaba, kule Likasi. Treni yao inakuja kuwachukua juma moja baada ya Idi. Mwenye mke anapewa nyumba. Asiye na mke analala kambi ya wanaume, na mke haitwi tena mpaka mkataba uishe. Mkataba ni wa miaka mitatu. Kwa hiyo harusi ni lazima iwe kabla ya treni hiyo.

Mama anasema usijali, umeahidi. Tonton Sefu, ndugu yako, naye anasema kama kazi itakuzuia, uandike tu kwamba umempa yeye uwakili, asimame mahali pako mbele ya sheikh. Si vibaya, Papa. Watu wengi wanafanya hivyo.

Unajua kwamba mwali akishawekwa ndani hatoki ila kwa harusi. Akitoka bila harusi watu husema mwanamume amemkataa.

Nakungoja.

Binti yako,
Nyota


Kisangani, tarehe 21 Februari 1956

Mwanangu,

Barua yako imenichoma. Sikujua kwamba neno langu litakufungia mlango. Huku Kisangani mtu akisema "nakuja" ni kama kusema "tukijaliwa". Dominique ananiambia "nakuja" kila Jumamosi, na simwoni mpaka Jumatatu. Nimekaa mno na watu wa mtoni. Nimesahau kwamba kwetu mama akisikia "nakuja" anatandika mkeka.

Sasa nikwambie ukweli. Mugiriki amekataa kuniachia kabla hajapakia samaki wakavu na mchele wa boti kubwa. Bila karatasi yake polisi wa kituo hawanipandishi treni ya Ponthierville, seuze boti ya Kindu. Nilimwambia binti yangu anaolewa. Akasema: "Vizuri. Boti ikiisha kupakiwa, unaenda." Nikamwambia: "Na boti iko wapi?" Akatazama mto, akasema: "Aryi." Maana yake inachelewa.

Nakuandikia alivyonifundisha, ucheke kidogo huko ndani. Mimi: argho. Wewe: aryis. Yeye: aryi. Sisi sote: arghume. Boti, aryi. Mvua ikikataa kunyesha, aryi. Hata mchele motoni usipoiva upesi, aryi. Nilimwuliza: "Bwana, na mtu aendaye polepole?" Akasema ni neno hilo hilo, kwao mchelewaji na mtu wa polepole wamevaa shati moja. Nilishangaa. Kwetu wa polepole anasifiwa, aliyechelewa analaumiwa. Nimebeba magunia polepole maisha yangu yote, na nilikuwa najiona mtu mwema.

Habari ya uwakili, hapana. Usinikasirikie. Sefu ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja, lakini yeye ndiye aliyekupeleka chuo, yeye ndiye aliyekubeba ulipougua surua, na kila mwaka ananiletea habari hizo kama mtu anayenionyesha shamba lake. Sifa zote za ubaba ameshazila. Hii moja aniachie. Sitakuozesha kwa mdomo wa mtu mwingine wakati wangu bado unasema.

Vumilia. Nitafika.

Papa yako,
Assumani


Kibombo, tarehe 10 Machi 1956

Papa,

Tumekusikia. Bibi ndiye aliyejibu: "Basi mtoto aendelee kuiva."

Mwezi umeandama mara ya pili nikiwa humu. Sijui tena mvua inapoanzia, naisikia tu juu ya makuti. Marafiki zangu wanakuja jioni kuniimbia, na wewe umo kwenye nyimbo, Papa. Wanakuita Bwana Ngoja. Wanaimba kwamba baba wa mwali amepanda kobe, na kobe amesimama kula uyoga. Nacheka nao. Wakiondoka naugeukia ukuta.

Zuberi hupita nyuma ya nyumba jioni. Haruhusiwi kuniona, basi anakohoa. Mimi nabisha ukuta kwa kidole. Bibi anasema katika maisha yake hajaona kikohozi chenye adabu kama hicho. Lakini jana hakukohoa. Alisimama muda mrefu, nikasikia viatu vyake, halafu akaenda. Mama yake amekwisha kusema sokoni kwamba huenda baba wa mwali hataki, na kwamba mtu asiyetaka husema anakuja.

Papa, kama unakuja, njoo. Kama hutaweza, mpe tonton Sefu uwakili. Sichagui mdomo. Nikisemewa na yeyote uliyemtuma, kwangu ni wewe. Nijibu jambo moja tu kati ya hayo mawili.

Binti yako,
Nyota


Kisangani, tarehe 28 Machi 1956

Mwanangu Nyota,

Nakuandikia kwa kifupi. Boti imekwama kwenye mchanga chini ya Yanonge, maji yamepungua, na Mugiriki anasema hakuna ruhusa mpaka ifike. Kabla ya Ramadhani sitaweza tena. Nitakuja mara baada ya Idi, treni ya Zuberi itanikuta hapo.

Usimwambie Sefu chochote. Mimi ni mzima kabisa.

Papa yako,
Assumani


Kisangani, tarehe 6 Aprili 1956

Kwa binti Nyota, Kibombo,

Hunijui, ila jina langu umelisoma. Mimi ni Dominique, yule ambaye papa yako anamsingizia kwamba husema "nakuja" Jumamosi. Si kweli, ni Jumamosi moja moja tu.

Mtoto, nakuandikia bila papa yako kujua, na yeye alinikataza kwa jina la Mungu wake. Nimefikiri: amenikataza kwa Mungu wake, hakunikataza kwa wangu. Kwa hiyo nasema.

Boti haikukwama. Boti ilifika. Tulikuwa tunateremsha mapipa ya mawese kwa ubao, mvua imenyesha, ubao unateleza. Pipa lilimponyoka mtu wa juu. Papa yako angeweza kuruka pembeni, lakini siku hizi mgongo wake haumruhusu kuruka. Pipa lilipita juu ya mguu wake wa kushoto. Hospitali wamemkata vidole vitatu vya mguu, na unyayo umevimba kama muhogo ulioloweshwa. Daktari anasema ataishi na atatembea, ila hasemi lini. Barua ile aliiandika kitandani, nikamshikia kibao.

Nilimwambia: "Assumani, mwambie mtoto." Akasema: "Nikimwambia atalia, na mwali akilia ndani, mafuta hayashiki." Nikamwambia: "Basi mpe ndugu yako huo uwakili." Akageuza uso ukutani. Kichwa chake ni kigumu kuliko lile pipa.

Mugiriki anakuja kumwona kila Jumapili. Anamletea mkate, wanakaa. Kisha wanarudia lile neno lao, kama katekisimu.

Mimi si mtu wa dini yenu, sijui sheria zenu za kuoza. Najua tu kwamba kabla ya hiyo Idi yenu papa yako hatapanda treni yoyote. Ukingoja, ujue unachongoja.

Tonton wako wa mbali,
Dominique


Kibombo, tarehe 20 Aprili 1956

Tonton Dominique,

Mungu akulipe, wako na wetu.

Nililia, na Papa alisema kweli, mafuta hayakushika. Bibi aliniuliza nina nini, nikamsomea barua yako yote. Mama alikuwa mlangoni, akasikia. Alikwenda kutwanga, akatwanga kinu kitupu.

Kesho yake nikamwomba Bibi amwite sheikh aje upande wa nje wa dirisha. Nilizungumza naye kanga ikiwa katikati yetu. Sijawahi kufanya jambo la haya kama hilo. Nilimwuliza: baba wa msichana akiwa mbali, hawezi kusafiri, na hataki kutoa uwakili, msichana afanyeje? Akasema: "Unauliza sheria, au unamshtaki baba yako?" Nikasema: "Simshtaki. Ni mgonjwa na anaona haya." Akasema baba akiwa mbali kwa safari ndefu na harusi inataka kuharibika, yeye sheikh anaweza kusimama kuwa walii wangu, aniozeshe. Si tonton Sefu. Yeye. Nikashukuru kwa hilo, kwa sababu nimeshajua linalomuuma Papa.

Itakuwa Ijumaa ya kwanza baada ya Idi. Halafu treni.

Nakuomba usimwambie. Mguu kwanza upone. Akijua sasa atashuka kitandani, namfahamu kwa barua zake. Yeye amenificha mguu, mimi namficha harusi. Mungu atuangalie sisi wawili.

Nyota


Kibombo, tarehe 20 Aprili 1956

Papa mpenzi,

Tumefunga vizuri, Bibi naye anafunga ingawa tunamkataza. Barua yako ya boti tumeisoma.

Papa, usiharakishe. Mto ukishapungua hausukumwi. Kula vizuri, lala vizuri, usibebe vizito. Kazi ya ghala ina hatari nyingi.

Mimi sina neno juu yako moyoni. Nataka ulijue hilo kabla ya lolote.

Binti yako,
Nyota


Kisangani, tarehe 10 Mei 1956

Mwanangu Nyota,

Barua yako nimeiweka chini ya mto wa kulalia. Umesema nisiharakishe, basi moyo wangu umetulia. Nilikuwa naogopa kwamba utanipigia magoti tena kwa ajili ya Sefu. Kumbe umekua. Mtu aliyekua anajua kungoja. Na Zuberi, hata akitangulia, mwanamume anayetaka hurudi.

Nikusimulie la Mugiriki, maana limenifikirisha. Jumapili alikuja kunitembelea, akanikuta nimekaa nje kwenye jua. Nikamsalimu kwa kumtania: "Bwana, aryises!" Kwa sababu alizoea kuja asubuhi, na sasa ilikuwa mchana. Nilidhani atacheka. Akakaa kwenye benchi, akasema taratibu: "Aryisa." Nimechelewa. Lakini hakuwa anasema habari ya asubuhi hiyo.

Akaniambia kwamba kwenye kisiwa chao kaka haoi mpaka dada zake wote wameolewa. Ndiyo heshima yao. Yeye ana dada wanne na baba yao alikufa mapema. Kulikuwa na msichana, nyumba yao ilitazamana na kisima. Mugiriki alimwambia: nangoja dada zangu, nawe ningoje. Akaja Kongo kuwatafutia. Dada wa kwanza akaolewa, wa pili, wa tatu. Wa nne alikuwa mchaguzi. Alipoolewa huyo wa mwisho, Mugiriki alikuwa amekwisha kuota mvi, na yule msichana wa kisimani alikuwa na wajukuu. Nikamwuliza: "Alikosa subira?" Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. Akasema: "Hapana. Yeye hapana kosa. Yeye ilingoja mingi. Mimi ilifikiri kungoja yake haiishe."

Akatoa karatasi yangu ya njia mfukoni, ilikuwa imeshapigwa muhuri. Akaniwekea magotini, akasema: "Min aryisis." Usichelewe. Ni mara ya kwanza kulisikia neno lile likisemwa hivyo, bila kelele.

Usiku ule, mwanangu, sikulala vizuri. Nilijiambia: nikifika, nitamwomba Nyota anisamehe siku zote za mkeka. Wamesema mwisho wa mwezi huu nitaweza kusafiri. Ninatembea polepole kidogo siku hizi, uzee. Ila nakuja. Na safari hii "nakuja" ni ya Kibombo, si ya Kisangani.

Papa yako,
Assumani


Kibombo, tarehe 19 Juni 1956

Kwa mwanangu Nyota, Likasi,

Nakuandikia kutoka kwetu, na wewe ndiye uliye mbali. Mungu anajua kupanga.

Nilishuka kwenye treni na fimbo yangu. Nilikuwa nimenunua kitambaa cheupe cha kanzu, niliosha uso kwenye bomba la kituo ili nisiingie na masizi. Nikatembea. Watu walinisalimu kwa sauti ya watu wanaojua kitu. Mama yako alikuwa kizingitini anachagua mchele. Hakusimama. Niliuliza: "Nyota yuko wapi?" Akasema: "Yuko kwa mumewe. Ulitaka awe wapi?"

Nikaingia chumba cha nyuma. Dirisha limefunguliwa, jua limejaa ndani, mkeka umeanikwa. Ukutani kuna alama ya mafuta mekundu, mahali ulipokuwa unaegemea mgongo. Niligusa hapo.

Nitakwambia ukweli, nilikasirika. Nilikasirika sana. Niliita jina la sheikh nikalichanganya na maneno ya libongo ambayo hapa hawayajui, na wamshukuru Mungu hawayajui. Nilisema nimeibiwa. Nilisema mtoto hakungoja. Bibi yako aliniacha niseme mpaka nikaishiwa pumzi, halafu akasema: "Bon. Sasa leta huo mguu tuuone."

Kumbe mlijua wote. Nikakaa chini, nikavua kiatu. Bibi akautazama mguu, akahesabu vidole vilivyobaki, akasema: "Na kwa huu ulitaka kucheza ngoma ya harusi?" Mama yako ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akalia, akaendelea kulia hata baada ya kicheko kwisha. Miaka yote hii, Nyota, sikuwahi kufikiri kwamba yeye naye anangoja.

Wakanitolea nyama. Walikuwa wameniwekea fungu la baba, mbavu za mbuzi wa harusi, wakazikausha juu ya moto. Zilikuwa ngumu kama kuni. Nilikula zote. Sefu alikuja, akakaa pembeni. Nilikuwa nimemwandalia maneno tangu Ponthierville. Akaniambia: "Sikusimama mimi, kaka. Mtoto alikataa nisimame. Alisema utaumia." Nikamkatia ubavu mmoja. Tukatafuna.

Jioni nilikwenda kwa sheikh. Nilimwomba radhi kwa yale maneno. Nikamwambia: nataka kuyasema yale maneno ya baba, hata sasa. Akasema: "Assumani, ndoa imekwisha kufungwa, ni halali. Maneno yako hayaongezi kitu." Nikasema: "Yanapunguza?" Akasema: "Hayapunguzi." Nikasema: "Basi niache niyaseme." Akanikalisha kwenye mkeka wake, akamwita Sefu na jirani mmoja wawe mashahidi. Nikayasema. Yalitoka vizuri. Lakini nilipomaliza, mtu wa kujibu hakuwepo. Tulikaa tu, wanaume wanne tunaotazama mlango.

Kwa hiyo nayaandika hapa chini. Mwanangu, mkabidhi mumeo karatasi hii, au msomee, vyovyote upendavyo.

Zuberi, mimi Assumani, nimekuozesha binti yangu Nyota, kwa mahari mliyopatana na kwa moyo wangu wote.

Aliyengojwa ni mimi, na sasa ni zamu yangu kungoja. Jibu likichukua mwezi, nitakaa mwezi. Mguu unauma wakati wa mvua, lakini hapa kuna mtu wa kuukanda.

Papa yako,
Assumani


Likasi, tarehe 15 Julai 1956

Kwa Papa Assumani, Kibombo,

Salamu kwa heshima. Mimi ni Zuberi, mkwe wako. Sijui kuandika barua ndefu, mkono wangu umezoea koleo.

Barua yako ilifika wakati niko mgodini. Nyota hakuifungua mbele ya watu. Aliisoma peke yake, akaikunja, akanipikia, hakuniambia kitu mpaka nimekula. Ndipo akasema: "Jumapili usitoke. Papa ana maneno na wewe." Niliogopa. Siku zote hizo nilidhani utanidai nimrudishe.

Nyumba yetu hapa ni chumba kimoja na baraza, imeshikana na za wenzetu. Jumapili Nyota akavaa nguo ya harusi. Jirani yetu Évariste, mtu wa Kasai, akauliza: "Vipi, mnaoana tena? Ile ya kwanza imeisha?" Mkewe akamfunga mdomo. Wakatoka majirani wengine, kila mmoja na kiti chake, wengine hawajui hata Kiswahili chetu.

Nyota alisimama barazani, akasoma barua yako kwa sauti tangu mwanzo. Alisoma kituo, alisoma dirisha, alisoma mguu. Watu walicheka kwenye mguu. Kwenye mbavu za mbuzi wakanyamaza. Alipofika mahali ulipoandika jina langu, sauti ilimwishia. Akajaribu tena, ikakataa. Mke wa Évariste akataka kuichukua karatasi amsaidie, Nyota akaivuta. Sote tukangoja. Hakuna aliyemharakisha, Papa. Mpaka akapata pumzi, akayasoma maneno yako yote, moja moja, mpaka la mwisho.

Nilivua kofia. Nilisimama mbele yake, mbele ya watu wote wa mstari wetu, nikaelekea upande wa Kibombo kwa kukisia, nikajibu kwa sauti:

Nimekubali.

Mwanao,
Zuberi